Nyasi za Ng'ombe wa Idi: Robota Si Kipimo

Kila Mfungo Tatu unapokaribia, vichochoro vya Mji wa Kale hupata wageni wenye pembe. Ndume mmoja amefungwa uani Kibokoni, mwingine nyuma ya nyumba Kuze, na watoto wakitoka madrasa husimama kumtazama akicheua. Wengi wa ng'ombe hawa hutoka minadani, hasa Mariakani, na hununuliwa wiki mbili tatu mapema kwa sababu bei hupanda kadiri siku zinavyosogea. Mara nyingi mwenyewe si mtu mmoja. Dini inaruhusu watu saba kushirikiana ng'ombe mmoja, na kwa familia nyingi za kisiwani hisa hiyo ni akiba ya miezi.

Masharti ya mnyama wa kuchinja yanajulikana na wengi: asiwe chongo, asiwe mgonjwa, asiwe kiguru, wala asiwe amekonda hadi amebaki mifupa. Hilo la mwisho ndilo linalowashangaza watu. Ndume aliyeletwa akiwa mzima, ngozi inang'aa, hufika siku ya Idi mbavu zinahesabika, na wenye hisa wakaulizana kama alikuwa akilishwa. Alikuwa akilishwa, tena bila kukosa: robota moja kila siku mbili, kama muuzaji alivyosema. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua robota lile lilikuwa na kilo ngapi, lilifungwa lini, na nyasi zilizokuwa ndani zilikuwa zimekauka kiasi gani.

Kisiwani hakuna malisho. Kila nyasi anayokula ng'ombe wa Mji wa Kale imeingia kwa gari kupitia Makupa au daraja la Nyali, au imevuka kwa feri Likoni, kisha ikasukumwa kwa mkokoteni na kumaliziwa begani mwa mtu pale ambapo hata mkokoteni haupiti. Ndiyo sababu nyasi hufungwa. Nyasi zisizofungwa hujaza lori kabla hazijafika uzito wa maana, na mwenye lori hutoza safari, si kilo. Neno lenyewe, robota, watu wa bandari wanalijua tangu enzi za pamba na ngozi, na leo wanalijua kwa mitumba. Madukani wengi husema beli. Jina lolote litumike, mnunuzi anakabidhiwa kifurushi kilichofungwa, na kilicho ndani kiliamuliwa shambani, siku ambayo yeye hakuwepo.

Kutoka shambani hadi kwenye kamba

Nyasi mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, asilimia 70 hadi 80. Ili zihifadhike bila kuoza, maji hayo yanatakiwa yashuke hadi karibu asilimia 15. Kazi hiyo inafanywa na jua na upepo, nyasi zikiwa zimetandazwa shambani na kugeuzwa mara kwa mara. Wakati mzuri wa kukata ni pale nyasi zinapoanza kutoa maua. Mkulima akisubiri hadi mbegu zikomae, anavuna uzito zaidi lakini shina limekuwa gumu na majani yamepungua. Na kwa ng'ombe, sehemu kubwa ya protini iko kwenye majani. Nyasi ya Boma Rhodes iliyokatwa mapema hutosha kumlisha ng'ombe asipungue. Ile ile ikiachwa ikomae kupita kiasi, protini hushuka chini ya asilimia 7, na hapo vijidudu vya tumbo kubwa, ambavyo ndivyo vinavyomeng'enya nyasi, hukosa nguvu ya kufanya kazi. Mnyama hushiba bila kufaidika. Tumbo limejaa, mgongo unakonda.

Baada ya kukauka ndipo nyasi hufungwa, na hapa njia zinatofautiana.

Njia ya wakulima wadogo wa Kwale, Kilifi na Taita Taveta ni sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko. Kipimo ambacho maafisa wa ugani hufundisha ni sentimita 85 kwa 55 kwa 45. Kamba mbili hulazwa ndani, nyasi zikajazwa, mtu akapanda juu akashindilia kwa miguu, akaongeza, akashindilia tena, kisha kamba zikafungwa na sanduku likavutwa juu. Kazi ikifanywa vizuri, robota hutoka na kilo 15 hadi 20. Uzuri wa sanduku ni kwamba hata asiye na trekta anaweza kulitengeneza kwa mbao chache na misumari. Ubaya wake ni miguu ya anayeshindilia. Asubuhi ana nguvu, saa nane mchana amechoka, na sanduku lile lile likatoa robota la kilo 10 lenye umbo sawasawa na lile la kilo 18. Ukiyapanga dukani huwezi kuyatofautisha kwa macho.

Mashine ya kuvutwa na trekta hufanya kazi hiyo kwa mpigo. Huokota nyasi shambani, ikazisukuma kwa nguvu kipande baada ya kipande, ikafunga kamba mbili yenyewe. Robota lake dogo la pembe nne hukaza zaidi na uzito wake hautofautiani sana katika shamba moja, kwa kawaida kati ya kilo 12 na 18 kutegemea mwendeshaji ameikaza vipi. Kuna faida moja ambayo wanunuzi wengi hawaitambui. Kwa kuwa mashine husukuma kwa vipande, robota likifunguliwa hugawanyika lenyewe kama mkate uliokatwa. Kipande kimoja kikipimwa, siku zote zilizobaki ni kuhesabu tu. Robota la sanduku halina vipande. Ni fundo moja, na anayelisha hukadiria kwa mkono.

Halafu yako yale makubwa ya mviringo, yanayoviringishwa kama mkeka, yenye uzito wa kilo 200 na zaidi. Hayo ni ya ranchi na trekta, na hakuna kichochoro cha Mji wa Kale kitakachoyapitisha. Hata hivyo nyasi zake zinaweza kufika kisiwani zikiwa zimefunguliwa njiani na kufungwa upya kwa vipimo vidogo, na hapo mnunuzi awe macho kwa mambo mawili. Kwanza, kila nyasi kavu zinapofunguliwa na kufungwa tena, majani hupukutika na mashina hubaki. Pili, robota la mviringo lililolala nje huoza kuanzia ngozi yake. Lenye kipenyo cha mita 1.2 likioza sentimita 10 tu za nje, karibu theluthi ya nyasi zote imeharibika, kwa sababu tabaka la nje ndilo linalozunguka kote. Muuzaji asiye mwangalifu huzichanganya zilizooza na nzima.

Kwa mkazi wa kisiwani, robota dogo la mashine lina nafasi nzuri zaidi: linabebeka, linagawika, na uzito wake hautabiriki kwa bahati. Lakini halishindi daima. Likifungwa na unyevu, kule kukazwa kwake ndiko kunakolidhuru, kwa kuwa hewa haipiti na joto halitoki. Robota la sanduku lililolegea kidogo husamehe kosa hilo, la mashine halisamehi.

Unyevu, na Idi inayoangukia masika

Kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka. Mwaka 2024 Idi ya kuchinja iliangukia katikati ya Juni, 2025 mwanzoni mwa Juni, na 2026 inatarajiwa mwishoni mwa Mei, kutegemea kuandama kwa mwezi. Yaani kwa miaka hii, na michache ijayo, ng'ombe wa Idi analishwa wakati wa masika, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi Mombasa. Ni msimu mbaya kabisa wa kukausha nyasi.

Hii ina maana kwamba nyasi zinazouzwa majuma hayo ni za aina mbili. Kuna zilizokatwa baada ya vuli, zikaanikwa kwa jua la kaskazi mwezi wa Disemba au Januari, zikawekwa ghalani miezi minne. Na kuna zilizokatwa juzi, katikati ya mvua, zikafungwa kabla hazijakauka kwa sababu soko lilikuwa linaita. Za kwanza zimepauka kidogo. Za pili zina rangi ya kijani kibichi inayovutia, na watu huzikimbilia. Rangi ya kijani ni dalili njema, hilo ni kweli, kwa sababu nyasi zilizoungua jua mno hupoteza vitamini na majani huvunjika. Lakini kijani kilichoambatana na uzito usio wa kawaida na ubaridi wa mkono ni dalili ya maji.

Robota lililofungwa likiwa na unyevu unaozidi asilimia 20 huanza kupata joto lenyewe. Ukungu na bakteria hula sukari ya nyasi na kutoa joto, na joto hilo likikosa njia ya kutoka hubaki katikati. Baada ya siku chache ndani huwa kuna vumbi jeupe au la kijivu na harufu ya uvundo. Ng'ombe hulinusa akageuka. Akishikwa na njaa atakula, lakini kidogo, na vumbi la ukungu humkohoza yeye na humdhuru kifua yule anayelifungua, hasa mwenye pumu.

Kuna hali nyingine yenye hila zaidi. Joto likipanda sana bila kuzaa ukungu, nyasi hugeuka rangi ya kahawia na kutoa harufu tamu kama tumbaku au sukari iliyoungua. Ng'ombe huipenda na huila kwa hamu, na mwenye ng'ombe hufurahi. Kumbe joto limeifunga protini kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuifungua. Anakula, anaridhika, na hafaidiki.

Kukagua hakuhitaji mashine. Mnunuzi huchomoa shina chache kutoka katikati ya robota, si pembeni, akazisokota kwa mikono miwili. Zikikatika kwa sauti kavu, ziko sawa. Zikijipinda kama kamba bila kukatika, au kiganja kikabaki na unyevu, hazijakauka. Kisha huingiza mkono ndani hadi kwenye kifundo. Nyasi nzima huwa na hali ya hewa ya kawaida na harufu ya nyasi. Ikiwa kuna uvuguvugu, hilo si robota la kununua kwa bei yoyote. Muuzaji mwaminifu hatakataa robota moja lifunguliwe kabla ya kumi kuuzwa, na anayekataa naye ametoa jibu.

Hesabu ya hisa saba

Ng'ombe wa nyama anahitaji kila siku chakula kikavu cha asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake. Kikavu hapa maana yake ni kile kinachobaki maji yote yakiondolewa. Uzito wa ng'ombe wenyewe hukadiriwa kwa utepe wa kupimia kifua, ambao madaktari wa mifugo wanao.

Tuchukue ndume wa kilo 250 atakayekaa kisiwani siku 21. Kwa asilimia 2.5 anahitaji kilo 6.25 za chakula kikavu kwa siku. Nyasi zilizokauka vizuri zina maji asilimia 15, kwa hiyo atahitaji kilo 7.35 za nyasi kama zinavyopimwa dukani. Kwa siku 21 ni takriban kilo 154, na ukiongeza asilimia 10 ya zile atakazomwaga na kukanyaga, inafika kilo 170.

Sasa kuna wauzaji wawili, na bei hizi ni za mfano tu. Wa kwanza anauza robota shilingi 300, wa pili 400. Wanahisa wengi watakwenda kwa wa kwanza. Lakini la 300 lina kilo 10, na la 400 lina kilo 16. Kwa wa kwanza watahitaji marobota 17, jumla shilingi 5,100. Kwa wa pili marobota 11, jumla shilingi 4,400. Rahisi imewagharimu shilingi 700 zaidi, na safari sita zaidi za kubeba.

Tuongeze jambo moja. Robota la pili lina kilo 16 kweli, lakini lilifungwa na mvua na lina maji asilimia 30. Sasa ndume yule yule anahitaji karibu kilo 9 kwa siku ili apate chakula kile kile, na jumla inapanda hadi kilo 206. Ni marobota 13, shilingi 5,200, na hapo hatujahesabu yatakayotupwa kwa ukungu. Maji yamenunuliwa kwa bei ya nyasi.

Ndiyo maana mizani ya kuning'iniza, ile inayotumika kupimia samaki na magunia, ni chombo cha kwanza cha kwenda nacho kununua. Yapimwe marobota matatu au manne yaliyochaguliwa na mnunuzi, si muuzaji, na bei igawanywe kwa kilo. Na uzito ukizidi sana kwa umbo lile lile, swali la pili liwe unyevu.

Kamba inayoliwa

Mashamba mengi siku hizi hufunga kwa kamba ya plastiki kwa sababu ni nafuu na haiozi. Huko kutooza ndiko kunakoleta balaa. Ng'ombe hachagui mdomoni kama mbuzi. Huzungusha ulimi, akavuta fungu zima na kulimeza, kutafuna huja baadaye wakati wa kucheua. Kipande cha kamba kilichobaki kwenye nyasi huingia naye. Tumbo haliwezi kukimeng'enya, na vipande vikikusanyika husokotana kuwa donge linaloziba njia. Mnyama huacha kula, tumbo huvimba, na mara nyingi sababu hugunduliwa siku ya kuchinja. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza kutekelezwa nchini tarehe 28 Agosti 2017 ilipunguza mifuko mitaani, lakini kamba hizi hazikuguswa.

Kamba ya mkonge ni salama zaidi, nayo huoza ikiachwa ardhini. Pwani yetu yenyewe inalima mkonge Vipingo. Hata hivyo nayo iondolewe. Waya ni hatari kuliko zote: kipande chake hutulia kwenye tumbo la pili, lililo karibu na moyo, na kikipenya huua. Robota lililofungwa kwa waya lisiingie mahali penye ng'ombe.

Kanuni inayofaa kwa nyumba yenye watoto wanaopenda kusaidia ni moja: kamba zikatwe karibu na fundo, zivutwe zote mbili nzima, zihesabiwe, na zitundikwe msumarini kabla nyasi hazijagawanywa. Robota lina kamba mbili. Ikipatikana moja, ya pili inatafutwa.

Kumlisha aliyetoka mbugani

Ndume wa Mariakani huenda hajawahi kuona robota maishani. Ng'ombe wa zebu, au wale wa Waorma kutoka Tana River, wamezoea kutembea na kuchagua nyasi zinazosimama. Akifungwa uani mwa nyumba ya mawe, kelele za pikipiki upande huu na adhana upande ule, siku mbili tatu za kwanza hula kidogo sana. Wengi huamini anaumwa. Kabla ya kumwita daktari, iangaliwe namna nyasi zinavyotolewa. Robota la mashine likitupwa vile vile lilivyokazwa, mnyama mgeni hajui aanzie wapi. Lichambuliwe kwa mkono hadi nyasi zijae hewa, zichanganywe na nyasi mbichi kidogo, na zinyunyiziwe maji yenye chumvi au molasi. Akishaonja, hahitaji kubembelezwa. Ikiwa siku ya tatu bado hagusi chakula, au anatoa ute mdomoni, au anachechemea, hapo daktari wa mifugo aitwe mara moja. Na kibali cha kusafirishia mifugo kutoka kaunti alikonunuliwa kiwekwe karibu, maana ndicho kitakachoonyesha alikotoka.

Nyasi ziwekwe kwenye hori. Pipa la plastiki lililopasuliwa katikati linatosha, mradi kingo zisiwe na makali. Zikimwagwa chini, hasa kwenye sakafu yenye mkojo, robo yake hugeuka kuwa kitanda. Kulisha mara tatu kwa siku ni bora kuliko mara moja, na fungu kubwa litolewe jioni, jua limepoa. Joto la Mombasa humpunguzia ng'ombe hamu ya kula mchana kama linavyotupunguzia sisi. Aliyezoea kuchagua majani na kuacha mashina akatiwe nyasi kwa panga vipande vya kiganja kimoja. Hapo hula vyote.

Maji ndiyo sehemu inayosahaulika. Nyasi mbichi huja na maji yake, nyasi kavu haziji nayo. Ndume wa kilo 250 anayekula nyasi kavu kwenye joto letu hunywa lita 30 hadi 40 kwa siku, yaani mitungi miwili ya lita 20. Kwa nyumba inayonunua maji kwa mkokoteni hiyo ni gharama ya kweli, na iingizwe kwenye hesabu ya hisa tangu mwanzo. Anayenyimwa maji hupunguza kula, hata nyasi ziwe nzuri namna gani.

Nyasi peke yake, hata bora, humfanya asipungue. Kumnenepesha ni habari nyingine. Hapo huhitajika nyongeza, na Mombasa haikosi: pumba za mahindi na ngano kutoka vinu vya unga, na mashudu ya nazi ambayo ni ya kwetu pwani. Zianze nusu kilo kwa siku na kuongezwa taratibu kwa siku 10 hadi kufikia kilo moja na nusu au mbili. Anayemwaga debe la pumba siku ya kwanza kwa shauku ya kumwona amenona, tumbo humchachuka na anaweza kufa. Na ukweli usemwe: kwa wiki tatu, lengo la busara ni ndume afike siku ya Idi na uzito alioondoka nao mnadani, au zaidi kidogo. Anayeuza ndoto ya kilo 50 kwa wiki tatu anauza ndoto.

Kuhifadhi kwenye nyumba za mawe

Ghorofa za chini za Mji wa Kale zina kuta nene na baridi tamu, lakini sakafu na kuta hizo hunyonya unyevu, na hewa ya kisiwani nayo haikauki. Nyasi kavu hunyonya unyevu kama chumvi. Marobota yaliyopangwa moja kwa moja sakafuni, yakigusa ukuta, huota ukungu chini na ubavuni ndani ya wiki moja. Yapangwe juu ya mbao za paleti, yaachwe nafasi ya mkono kati yake na ukuta, na turubali lisiyafunike pande zote hadi chini, kwa kuwa jasho litarudi ndani. Kwa nafasi ndogo ni afadhali kununua mara mbili, ya wiki ya kwanza kisha ya zilizobaki, kuliko kurundika marobota yote chumbani siku moja.

Rundo lililofungwa na unyevu huweza kupata joto la kutosha kuwaka lenyewe bila kiberiti. Hatari hii ni kubwa kwenye marundo makubwa kuliko marobota 11, lakini Mji wa Kale una roshani za mbao na vichochoro ambavyo gari la zimamoto halipiti, hivyo si mahali pa kubahatisha. Nondo ichomekwe katikati ya rundo kwa dakika 15. Ikitoka na joto lisiloshikika, zimamoto waarifiwe kwanza, wala rundo lisifunuliwe kabla hawajafika, kwa sababu hewa ikiingia ghafla ndiyo huleta moto. Jiko la mkaa, sigara, na nyaya za umeme zilizochakaa vikae mbali na chumba cha nyasi.

Siku ya mwisho hesabu hubadilika. Mnyama atakayechinjwa asubuhi hanyweshwi njaa ya siku mbili kama wengine wafanyavyo, lakini hori linaachwa tupu tangu jioni, kwa muda wa saa 12 hivi, ili tumbo lisijae na nyama isichafuke wakati wa kupasuliwa. Maji yanaendelea hadi mwisho. Kwa hiyo robota la siku hiyo haliliwi lote. Zikibaki nyasi nzima, jirani mwenye mbuzi atazipokea kwa furaha. Zenye ukungu zisipewe mbuzi wala kutupwa mtaroni mvua ikinyesha, ziende na taka. Na zile kamba zilizotundikwa msumarini, jozi moja kwa kila robota, zihesabiwe mara ya mwisho kabla ya ua kufagiliwa.